Shangazi, Mwezi na Winchi ya Mnyororo

2 Machi

Kwako Popo,

Dereva wa lori lenu ameniletea salamu zako pamoja na ile picha umening'inia darini, miguu juu kichwa chini. Nimeigeuza mara tatu nisijue upande gani ni wa kuiweka ukutani. Baba yako angekuwa hai angesema dada yake amemlelea mtoto vibaya. Mimi ningemjibu kwamba hilo la kukwea kwea ulilirithi kwake.

Sasa sikiliza. Tarehe ishirini Aprili kwaya inatimiza miaka arobaini, na siku hiyo ndiyo ya mwisho mimi kuiongoza. Nimeshawaambia. Sauti ya kwanza walilia, sauti ya nne wakaanza kunong'onezana nani atarithi kiti changu, nami bado nimekikalia. Basi nataka niage kwa kishindo. Seremala ametengeneza mwezi mwandamo wa mbao na chuma, mpana kama kitanda cha watu wawili, umepakwa rangi ya fedha. Taa zikizimwa, nitashuka kutoka darini nimekaa juu ya mwezi, gauni linameta, kwaya imejipanga chini yangu inaimba kwa nguvu zote.

Meneja wa ukumbi anayo winchi ya mnyororo, ya umeme, anasema unabonyeza tu. Na kampuni yenu ndiyo iliyopewa kazi ya kufunga jukwaa. Kazi yako si kunyanyua vitu? Mimi ni kitu. Nakupa heshima hiyo.

Jibu kwa barua, maana simu yangu siku hizi ni tochi. Na usiniletee maneno mengi ya kifundi.

Shangazi yako,
Mwalimu wa Kwaya


7 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima kuanzia helmeti hadi buti, na nimecheka barua yako mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Kuuliza si ujinga, kwa hiyo niruhusu niulize kabla sijasema ndiyo wala hapana. Mwezi wenyewe una kilo ngapi? Kwenye winchi ya Meneja pamebandikwa kibati. Naomba uninakilie yote yaliyoandikwa, hata kama hayana maana kwako. Kuna kibandiko cha ukaguzi? Cha mwaka gani? Wanakwaya watakuwa chini ya mwezi wakati unashuka, au pembeni?

Na la mwisho, usinikasirikie: uzito wako. Nataka ule ulivyo, siyo ule unaoupenda.

Huku tunafunga jukwaa la tamasha, taa mia mbili juu ya vichwa vya watu. Kazi yetu ina ubaya mmoja: ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba uliifanya.

Wako,
Popo


12 Machi

Popo,

Marahaba. Nimekulea tangu una miaka sita, nimekukata kucha, nimekushonea sare, leo unaniuliza uzito kama mfanyabiashara wa ng'ombe.

Sitini na nane.

Mwezi ni kilo mia moja na kumi. Seremala kaupima kwenye mizani ya nafaka. Kibati kimefutika futika, kinasomeka "kilo 500" na herufi ambazo hata darubini haitazisaidia. Kibandiko kipo, cha miaka minne iliyopita. Meneja anasema hiyo haina neno, maana winchi hiyo ilishawahi kunyanyua piano na piano haikulalamika. Anasema pia kwamba ajali haina kinga, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika sana.

Wanakwaya watakuwa chini, ndiyo. Wawe wapi tena? Nataka niwashukie, siyo niwashukie jirani.

Unajua ninavyopenda kupanda jukwaani mwenyewe kwa ngazi, nikitembea kwa madaha. Lakini mtu anaruhusiwa kubadili mtindo uzeeni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi siku hizi siinami.

Shangazi yako wa kilo sitini na nane


16 Machi

Shangazi yangu,

Hapana.

Nimeandika karatasi tatu nikichana, nikaona bora neno hilo litangulie ili lisikuvizie mwishoni. Sasa nikueleze, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukimkataza mtu mwambie na sababu.

Winchi zinazotumika majukwaani zina madaraja. La kwanza ni la kunyanyua mzigo wakati hakuna mtu yeyote chini. Mzigo ukishafika juu, tunaufunga kwenye boriti kwa waya wa akiba, kusudi winchi ikichoka waya ushike. Hapo ndipo watu wanaruhusiwa kupita. La pili lina breki mbili na nguvu ya ziada. Likisimama, laweza kushikilia mzigo juu ya vichwa bila waya. La tatu peke yake ndilo linaloruhusiwa kusogeza mzigo huku watu wako chini. Na kumbeba mtu ni habari nyingine kabisa, ina mitambo yake na vibali vyake, na katika mji wako haipo.

Winchi ya Meneja ni ya daraja la kwanza, tena haijakaguliwa miaka minne. Zetu zimekaguliwa, lakini zitakazokuja kwenu ni za daraja hilohilo. Nyingine zimekwenda na kundi jingine. Wewe unataka imbebe mtu, isogee, na watu arobaini wawe chini. Ni makosa matatu kwenye mnyororo mmoja.

Mwambie Meneja ajali ina kinga. Kinga yenyewe ni mimi, na mimi nasema hapana.

Nakupenda sana. Siku ile mimi ndiye nitakayetia sahihi kwenye fomu ya usalama wa jukwaa zima, mara ya kwanza katika maisha yangu. Sitaki sahihi yangu ya kwanza iwe ya kukuangusha.

Popo


19 Machi

Kwa Fundi wa Jukwaa,

Barua yako imefika na imeeleweka. Usijisumbue zaidi.

Mwalimu wa Kwaya


24 Machi

Mpendwa Popo,

Utashangaa mwandiko. Ni mimi Sindano, fundi cherehani wa kwaya na mwimbaji wa safu ya mbele, rafiki wa shangazi yako tangu tulipokuwa na viuno. Ameniapisha nisikwambie. Ila hakuniapisha nisikuandikie, nami nimeshika kiapo kama kilivyo.

Anataka kupanda mwezi bila wewe. Wamepatana na Meneja: nyinyi mtafunga taa zenu na mapazia yenu, na saa ya onyesho ikifika Meneja mwenyewe atabonyeza winchi yake kutoka nyuma. Juzi walifanya jaribio. Waliweka juu ya mwezi mifuko ya mchanga yenye uzito wa mwalimu, yaani kilo sitini na nane. Ukapanda vizuri, wakapiga makofi, wakauacha juu wakaenda zao. Jana asubuhi nilikwenda kupima mapazia nikaukuta mwezi umeshuka shubiri nzima, wenyewe, bila kubonyezwa. Nilipowaambia, Meneja akasema labda ukuta umepanda.

Lingine: hizo sitini na nane. Mwanangu, mimi ndiye ninayempima kiuno. Kilo hizo alikuwa nazo wewe hujazaliwa. Namaanisha zamani sana.

Na la tatu ndilo linaloniuma. Unadhani ni majivuno. Si majivuno, ni magoti. Jukwaa la ukumbi lina ngazi sita. Mwaka jana kwenye onyesho alikwama ngazi ya nne, mbele ya watu, hawezi kupanda wala kurudi. Vijana wawili wa sauti ya nne wakamshika kwapa wakampandisha. Watu wakapiga makofi. Yale makofi ya huruma, unayajua. Aliongoza nyimbo zote akitabasamu, kisha akaniambia nyumbani, "Sindano, afadhali niingie kutoka juu kama mvua kuliko kupigiwa makofi yale tena."

Mficha maradhi, unajua mwisho wake. Fanya kitu.

Sindano


27 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Nimeshajua. Usimwulize aliyeniambia, na kama umeshamjua usimnunie, maana bila yeye nani atakushonea?

Kwanza winchi. Mwezi umeshuka shubiri moja kwa sababu breki imekwisha. Haishiki tena, inateleza. Leo shubiri, kesho mita tano, na chini yake amesimama Sindano na safu nzima ya mbele. Nimemwandikia Meneja kwa jina la kampuni: winchi ile izimwe, ishushwe, isiguswe mpaka mkaguzi aione. Ama sivyo, jukwaa hatufungi.

Pili magoti. Nimekasirika, nakwambia wazi. Ulinificha mimi, niliyelala mgongoni mwako nikiumwa surua. Mimi naandika kuhusu breki na minyororo, kumbe swali lilikuwa ngazi sita! Ungeniambia siku ya kwanza ningekupa jibu siku ya kwanza.

Sasa jibu lenyewe. Hutashuka kutoka juu. Mwezi ndio utakaopanda.

Watu wataingia wakute mwezi umesimama chini, katikati ya jukwaa, mkubwa, unameta. Wewe utakuwa nyuma yake, umekaa kwenye kiti chako, hakuna anayekuona. Kwaya itakuwa kushoto na kulia. Wimbo unaanza, mwezi unapanda taratibu kwa winchi yetu iliyokaguliwa, na wewe uko pale, umefika tayari, kama vile hukuwahi kuondoka. Hakuna ngazi, na hakuna wa kukushika kwapa.

Nitachora mstari mweupe sakafuni kuuzunguka mwezi. Ukiwa unasogea, hakuna unyayo wa mtu ndani ya mstari. Ukifika juu, mimi nitakuwa darini, nitaufunga waya wa akiba, kazi ya dakika moja na nusu, kisha nitagonga boriti mara tatu. Hapo ndipo kwaya iingie katikati.

Kupanda jukwaani: nyuma ya ukumbi kuna mteremko wa kupakulia masanduku, hauna hata ngazi moja. Utapita hapo saa moja kabla ya milango kufunguliwa, kwa kigari chetu.

Niambie ndiyo, Shangazi.

Popo wako


1 Aprili

Popo,

Kwa hiyo nitapitia mlango wa mizigo, juu ya kigari cha mizigo, nikiwa nimelindwa kwa kanuni za mizigo. Nilisema mimi ni kitu; sikujua utaniamini kiasi hicho.

Ndiyo.

Nimelia kidogo, nikacheka kidogo, kisha nikaenda kwa Sindano kumnunia. Alinipokea na kipande cha kitambaa cha fedha cha kuzidishia gauni, nikashindwa. Samahani kwa ile barua ya "Fundi wa Jukwaa". Niliiandika nikiwa nimekaa kitandani nashindwa kuinuka, na hasira za goti nikazielekeza kwako. Sikukuficha kwa kutokukuamini. Wewe ulikuwa mtu wa mwisho duniani anayeniona mrefu.

Meneja ameishusha winchi yake. Amenuna, lakini ameishusha. Anasema siku ile atajitokeza na shada la maua kunikabidhi, ili angalau aonekane.

Nina malalamiko mawili. Kwanza, huo muda wako wa kufunga waya. Umesema dakika moja na nusu. Unajua dakika moja na nusu jukwaani ni ndefu kiasi gani? Watu wanakohoa, wanatoa simu. Nitafanya nini mimi pale, nihesabu vidole?

Pili, anayebonyeza winchi ni nani kama wewe uko darini?

Shangazi


5 Aprili

Shangazi,

Dakika moja na nusu ni dakika moja na nusu. Siipunguzi hata sekunde, hata ukiniletea barua ya rais. Imba. Si ndiyo kazi yako?

Anayebonyeza ni mwenzangu, tunamwita Mpole. Maneno yake kwa siku hayazidi matatu, lakini akiachia kitufe winchi inasimama papo hapo. Anasimama kwenye kona ya kulia ya jukwaa.

Kuna kanuni moja nataka uishike kuliko zote. Kwenye kazi yetu, yeyote akiona hatari anasimamisha. Si lazima awe fundi. Awe mfagizi, awe mgeni, akitoa ishara kazi inasimama, na hakuna wa kumgombeza hata kama amekosea. Ishara yetu ni mikono yote miwili juu. Lakini Mpole ni mshiriki wa kwaya ya kwao, anaijua ngumi ya mwalimu, ile ya kukata wimbo. Nimemwambia akiiona ngumi yako aachie kitufe. Kwa hiyo siku hiyo winchi nayo ni mwanakwaya wako.

Meneja na maua yake asubiri mpaka nigonge mara tatu. Mwambie. Mimi pia nitamwambia.

Tunafika tarehe kumi na nane.

Popo


22 Aprili

Shangazi,

Samahani tuliondoka asubuhi ile kabla hujaamka. Nilikukumbatia mara moja tu, tena kwa mikono ya grisi, mwambie Sindano anisamehe kuhusu gauni.

Nakuomba unisimulie. Mimi nilikuwa darini, mwezi umeniziba, sikuona kitu. Nilichojua ni kwamba winchi ilikuwa inapanda, kwaya inaimba, mara kimya. Winchi kimya, kwaya kimya, ukumbi mzima kimya. Nikashika boriti nikasema basi, kuna mtu chini ya mwezi. Halafu nikasikia sauti moja inaimba. Sikuitambua mara ya kwanza! Tangu nimekua nimekusikia ukifundisha watu kuimba, siyo ukiimba mwenyewe.

Nimemwuliza Mpole njia nzima. Amesema, "Shangazi yako hatari." Hayo ndiyo maneno yake matatu ya siku, hajaongeza.

Popo


26 Aprili

Popo wangu,

Kaa chini. Wewe hukai, basi ning'inia vizuri, nikusimulie.

Mwezi ulianza kupanda. Nikaona miguu ya watazamaji wa safu ya mbele, kisha magoti, kisha nyuso, na nyuso zile ziliponiona zikafunguka. Nikasema moyoni, Popo, umenifanyia jambo. Kwaya ilikuwa imepandisha sauti mpaka mabati yanatetemeka. Mwezi umefika kimo cha watu wawili, nikamwona Meneja.

Alikuwa anatoka kushoto na shada lake. Hakusubiri kugonga kwako. Nadhani aliona makofi yanaanza akaogopa yatamalizika bila yeye. Anatembea ameigeuzia hadhira uso, anatabasamu, hatazami mbele wala juu. Alikuwa anaelekea kwenye mstari wako mweupe moja kwa moja.

Nikaita, sauti ikamezwa na kwaya. Nikanyoosha ngumi. Lakini nilikuwa nimekaa, na vichwa vya sauti ya kwanza vilikuwa kati yangu na Mpole, hakuiona. Meneja akakanyaga mstari.

Nikasimama.

Sijui nilisimamaje. Sikushika kiti, sikuhesabu moja mbili tatu kama nifanyavyo kitandani. Nilisimama wima, nikainua ngumi juu kabisa, nikaikata kwaya katikati ya neno. Miaka arobaini nimewafundisha watu hawa kukata, na siku zote kuna mmoja wa sauti ya nne anayebaki na mkia. Siku hiyo hakubaki mtu. Mpole akaachia. Mwezi ukasimama kama uliopigwa msumari.

Meneja akajikuta peke yake katikati ya kimya. Akatazama juu, akaona tumbo la mwezi, akarudi kinyumenyume hatua tano. Mtu wa kwanza aliyemkuta alikuwa Sindano, akamkabidhi yeye maua. Sindano hajayaacha hadi leo, ameyaweka juu ya cherehani.

Hakuna kilichoanguka, mwanangu. Hakuna mtu aliyejua kwamba kingeweza kuanguka. Walidhani ndivyo onyesho lilivyopangwa. Sasa nakuelewa ulivyoniandikia kuhusu kazi yenu.

Basi mimi nimesimama, ukumbi umenyamaza, mwezi bado haujafika juu, wewe bado hujafunga waya. Dakika yako na nusu ilikuwa imekuwa tatu. Nikageuka kuwatazama watu. Unajua miaka arobaini nimewapa mgongo? Mwalimu wa kwaya kazi yake ni kuonyesha kisogo. Niliwaona wote, mpaka muuza karanga wa mlangoni. Nikaanza kuimba ule wimbo wetu wa kuoshea vyombo, niliokuwa nakuimbia unaposuuza vikombe umesimama juu ya kigoda. Ndio uliokuja wenyewe. Mpole akabonyeza tena, mwezi ukapanda huku naimba, na wewe ulipogonga mara tatu nilikuwa nimebakiza ubeti mmoja. Nikaumaliza. Sikukuona, lakini niliona nyayo za buti zako kati ya boriti, na moja ilikuwa inapiga mapigo.

Makofi yalikuja. Nayajua yale ya huruma, Popo. Yale hayakuwa ya huruma.

Magoti yalinikumbuka wimbo wa pili, nikaketi, nikaongoza nimekaa mpaka mwisho, na sikuona aibu. Baada ya onyesho nilitoka kwa mlango wangu, wa mizigo. Mpole alileta kigari, akatoa kile kijidaftari chenu cha kuandikia mizigo, akaniuliza, "Uzito?"

Wanakwaya wote walikuwa pale, Meneja alikuwa pale, na muuza karanga. Nikamwambia kwa sauti ya mazoezini, ile ya kufika ukuta wa nyuma: themanini na tisa.

Iandike na wewe, kwa kalamu ya wino.

Shangazi yako